Bakuli la Tatu kwa Lubega

Kama kuna kitu nilichokijua kuhusu Juba kabla sijaikanyaga, ni tambi za Lubega. Mitaa ya mji sikuijua, na jua lake hakuna aliyenionya. Lakini tambi za Lubega nilizijua, maana kwa miaka miwili, kila Jumamosi saa saba mchana, Akol alinipigia simu akiwa mle mkahawani, nami nikiwa Eldoret nyuma ya cherehani yangu, akinisimulia huku akizivuta kwa mdomo. Mimi mjinga wa watu nilikuwa nacheka peke yangu mpaka wateja wananitazama.

"Siku utakuja Juba," alizoea kuniambia, "hata hoteli hatupitii. Ukishuka tu kwa ndege, moja kwa moja kwa Lubega."

Siku ikafika, na kweli tukaenda moja kwa moja kwa Lubega. Ila mchumba wangu hakuwa akicheka.

Kwenye uwanja wa ndege alinipokea kwa mkono, kama mtu anayempokea mgeni wa ofisi. Mimi, Magdaline Jepchirchir, niliyekuwa nimesuka nywele siku mbili kwa ajili yake, nikapewa mkono! Nikajiambia labda kwao watu hawakumbatiani mbele ya askari. Nikajiambia pia kwamba bado ana majonzi ya kaka yake, Kuach, aliyekufa miezi minane iliyopita kwa homa ya siku nne. Mapenzi hukufundisha kujitafutia sababu, na mimi sababu sikukosa.

Ndani ya gari niliweka mfuko wangu mapajani. Mfuko ule sikuuacha kwenye mizigo. Ndani yake mlikuwa na koti la harusi la Akol, nililolishona kwa mkono wangu usiku na mchana, na lililobaki ni kulijaribu tu. Harusi ilikuwa wiki sita mbele. Padri wetu alikuwa ameshasoma matangazo mara mbili, Jumapili ijayo angesoma ya tatu, na ya tatu ikishasomwa bila mtu kupinga, ndiyo basi.

"Umekonda," nikamwambia.

"Ni joto," akasema.

"Joto lilikuwepo hata mwaka jana, na simu zako zilikuwa ndefu."

Akabonyeza honi, wakati mbele yetu hapakuwa na gari.

Mkahawa wa Lubega uko Amarat, karibu na mahoteli, paa la mabati na jenereta inayonguruma nyuma. Tulikuta foleni imetoka hadi nje: vijana wa mashirika na vitambulisho vyao shingoni, Wakenya wa benki, waendesha boda wawili watatu. Lubega mwenyewe, Mganda mnene mwenye aproni nyeupe, alisimama mbele ya meza akivuta donge la unga. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwa Wachina waliokuwa wakijenga barabara, na ufundi wao akaondoka nao. Alilivuta donge, akalikunja, akalivuta tena, mpaka likawa uzi mmoja mrefu usio na mwisho. Ndio uliomfanya maarufu: kwa Lubega bakuli moja ni uzi mmoja. Na sheria yake inajulikana Juba nzima, kwamba uzi wake haukatwi. Uuvute, uume, utajua mwenyewe, lakini mtu mzima akiomba akatiwe, Lubega anamfukuza.

"Akol!" akaita alipotuona. "Meza yako iko. Wewe hapana panga foleni."

Tukakaa kwenye meza ya pembeni. Akol akaagiza mbili, kisha akaniambia anakwenda kunawa mikono, tangi la maji liko nyuma. Akaniacha na mfuko wangu.

Hapo ndipo alipokuja Janepher, mhudumu. Binti mchangamfu, jasho linamtiririka, sinia limejaa. Akaweka bakuli kubwa mbele ya kiti cha Akol. Akaweka bakuli kubwa mbele yangu. Kisha akaweka la tatu, dogo, la plastiki ya waridi, na kando yake akaweka mkasi.

Mimi ni fundi wa nguo. Mkasi nauona hata gizani. Nikacheka.

"Dada, hapa mnakula na kushona?"

"Hapana, nyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda. "Hii makasi ya mtoto." Akatazama chini ya meza, kama anayetafuta paka. "Adhieu ako wapi? Leo amekataa kuja?"

"Adhieu ni nani?"

"Si mtoto ya Akol! Kila Jumamosi meza hii ni bakuli tatu. Akol, mama ya mtoto, na mtoto. Mimi nimeona Akol na mama, nikajua tu ni tatu. Sikuangalia sura." Akaniangalia sasa. Tabasamu likaanza kumtoka usoni kidogo kidogo. "Wewe ni nani yake?"

"Mchumba wake," nikasema.

"Malesh," akasema Janepher kwa sauti ndogo. Hilo ni neno lao la pole. Akaondoka, na bakuli dogo akaliacha palepale.

Akol aliporudi, mikono ikidondosha maji, alisimama kabla hajafika mezani. Aliutazama mkasi, si mimi.

"Huu ni wa nani?" nikamuuliza.

"Jep, kula kwanza. Zinapoa."

"Nimekuuliza."

Akakaa. "Wa Adhieu. Mtoto wa Kuach. Kuach alikuwa anamleta hapa, sasa namleta mimi. Akiwa nyumbani hakuli."

Nilipumua mpaka mabega yakashuka. Mtoto wa marehemu! Nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nimeyawaza kwa dakika zile mbili. Nilimkumbuka Kuach alivyokuja Eldoret kumposea mdogo wake. Siku hiyo mama yangu alikataa katakata. "Mtoto wangu haendi kwa watu wanaorithi wanawake," alisema mbele ya wageni, chai ikiwa mezani. Baba, ambaye kwa kawaida huongea mara mbili kwa mwaka, akaweka kikombe chini. "Mama Magda," akasema, "na mimi ni nani? Yule ninayeitwa kwa jina lake alizikwa miaka minne kabla sijazaliwa. Mdogo wake alisimama mahali pake, mama yangu hakutupwa, na mimi nikazaliwa. Mimi si mtu?" Mama akaenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kuach alisimama na urefu wake wote, akampa baba mkono, akacheka. Posa ikapita siku hiyo.

"Basi mbona huyu dada anasema ni mtoto wako?" nikauliza, nikitabasamu. "Amenitisha bure."

Nilingoja acheke. Akachukua uma, akauzungusha ndani ya bakuli, akauweka chini.

"Wazee walikaa," akasema.

"Lini?"

"Wiki tatu sasa. Walisema Aluel, mama ya Adhieu, asitoke nyumbani kwa Kuach. Walisema mimi nisimame pale Kuach alikuwa."

Jenereta ilinguruma. Mtu nyuma yangu alikuwa akicheka na simu.

"Sema Kiswahili ninachokielewa, Akol."

"Niishi na yeye. Watoto wakizaliwa, wataitwa wa Kuach."

"Wakizaliwa."

"Jep, nisikize. Yule si bibi yangu. Ni bibi ya Kuach, na atabaki bibi ya Kuach mpaka aingie kaburini. Bibi yangu ni wewe. Wazee wamekubali kabisa, harusi iendelee vile tulipanga. Mimi nitakuwa na mke mmoja tu."

"Na kulala?"

"Ati nini?"

"Huyo mume wa mke mmoja, atakuwa analala nyumba gani?"

Akol alitazama bakuli lake. Miaka mitano nilimpenda mwanamume huyu. Machozi yalinijaa, nikayakataa. Nikainama juu ya tambi zangu, nikavuta, nikameza. Zilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, zilikuwa tamu kama alivyoniambia.

"Ulikuwa unanipigia simu ukiwa naye hapa," nikasema. "Jumamosi."

"Ulikuwa unaongea na mimi, Adhieu akiwa kwa magoti yangu. Hukujua tu. Ile siku uliuliza ni nani anakohoa, ni yeye."

"Na hukuniambia haya kwa simu kwa nini?"

"Ningekuambia kwa simu, hungekuja."

"Na nimekuja nifanye nini?"

"Sijui. Nilitaka kukuona. Ni hiyo tu. Hata kama utanitukana, nilitaka nikuone ukinitukana."

Moyo wangu mpumbavu ukalainika papo hapo, nikauchukia. Nikamshika mkono juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa baridi kwa maji ya tangi.

"Ndege yangu ni kesho saa sita," nikamwambia. "Twende wote. Utawatumia watu wako chochote wanachotaka, mtoto tutamsomesha. Lakini twende."

"Nikienda, Mzee Romano anamchukua Aluel. Ni ndugu ya baba. Ameshasema yuko tayari. Ana wanawake watatu, na ana miaka yangu mara mbili. Na kwake hakuna msichana amewahi kuingia darasa. Kuach ndiye alinilipia mpaka nikamaliza. Nilikuwa nalala kwa godoro, yeye chini. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia una mchumba."

"Niliwaambia. Wakasema mchumba yuko hai, anaweza kungoja. Kuach hawezi."

Hapo Janepher akapiga kelele mlangoni, "Eeh! Si huyu amekuja!"

Mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi alipita kati ya miguu ya foleni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. "Baba!" akaita. Hakututazama sisi wengine. Alipanda mapaja ya Akol kama mtu anayepanda kitanda chake, akafungua mdomo, akangoja.

Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba, lawa nyeusi, ile shuka yao, imefungwa begani, kitambaa cha msiba hakijatoka kichwani. Alimwona Akol, akaniona mimi, akaona mikono yetu. Nikautoa wangu.

"Nilikuambia leo msikuje," Akol akamwambia kwa Kiswahili. Nadhani alikitumia ili na mimi nisikie.

"Amelia tangu asubuhi," akasema Aluel. "Anasema ni Jumamosi." Akavuta kiti, akakaa ukingoni. "Wewe ni Magda."

"Ndimi."

"Kuach alikuwa anasema una mdomo."

Ningependa kusema nilimchukia. Nilijaribu. Nilimkagua kama ninavyomkagua mteja, toka kichwani mpaka miguuni, nitafute kasoro, nikaona tu mwanamke aliyechoka, mwenye visigino vilivyopasuka.

"Mimi nimekaa Kakuma, kambi ya wakimbizi, miaka sita, Kiswahili nasikia," akaendelea. "Kwa hivyo nitakuambia mwenyewe, usiambiwe na watu. Mimi sikuomba hii kitu. Mimi nilichagua Kuach. Huyu nilikuwa nampea chai akitoka shule, naambia yeye anawe miguu. Sasa waniambie ni mzee wa nyumba?" Alitikisa kichwa. "Ukitaka kumchukua, mchukue. Hata leo. Wazee wakiniuliza, nitasema nilikuwa nimelala."

"Na wewe?"

"Nitaenda kwa Romano. Mtu mzima hafi na hiyo."

"Na huyu?"

Aluel alimtazama mtoto. Adhieu alikuwa bado amefungua mdomo. Alipoona hapewi, akaushika uso wa Akol kwa mikono yote miwili, akaugeuza kuelekea bakuli.

"Jep," akasema Akol juu ya kichwa cha mtoto. "Sema tu. Ukisema twende, naenda. Naapa."

Hapo nilikasirika. "Mwanamume mzima, na urefu wote huo, unaniachia mimi niamue? Mimi niliyeshuka kwa ndege saa mbili zilizopita?"

"Mimi siwezi," akasema. "Nimejaribu wiki tatu."

Wote watatu wakawa wananingoja, hata mtoto. Ningeweza kusema neno moja tu, twende. Lilikuwa mdomoni, nalisikia uzito wake. Nilimtaka Akol. Nilitaka kumvalisha lile koti, nimwone akigeuka mbele ya kioo changu kule Eldoret, nizeeke naye. Lakini kila nilipotaka kulitamka niliona kikombe cha baba kikishuka mezani. Mimi si mtu? Kama yule mdogo wa marehemu, zamani zile, angeshikwa mkono na msichana aliyempenda, akaambiwa twende, akaenda, mama yake baba angekwenda kwa Romano wake. Baba asingezaliwa, wala mimi. Na huenda alikuwepo msichana. Kwetu hakuna aliyewahi kumtaja, na hata mimi sikuwahi kuuliza.

Mama alikataa, na mama alisema kweli. Baba alikubali, na baba naye alisema kweli. Nilikosa mtu wa kumlaumu, na hiyo ni adhabu ambayo simwombei adui yangu.

Nikauchukua mkasi. Nilivuta bakuli dogo mbele yangu, nikainua ule uzi wa Lubega kwa uma, nikaanza kuukata. Niliukata vizuri, kwa vipimo, vipande vya kuingia mdomo mdogo. Lubega aliinua kichwa kule kwenye meza yake ya unga, akaona, akarudi kwenye donge lake. Nilipomaliza nikamsogezea Adhieu. Akanitazama mara ya kwanza, macho makubwa ya Kuach, akaanza kula.

"Umekata ndogo sana," akasema Aluel. Alikuwa akilia bila sauti. "Yeye anapenda refu kidogo."

"Mwambie Akol. Jumamosi ijayo atajua."

Nikainuka. Nikauchukua mfuko wangu.

"Matangazo," akasema Akol. "Jumapili."

"Nitamwambia padri asisome."

"Jep, acha nikupeleke hoteli."

"Wapi? Una mtoto mapajani."

Akatazama mfuko wangu. Alijua kilichomo, nilikuwa nimemwambia kwa simu mara kumi. "Basi nijaribu tu," akasema. "Mara moja. Nione."

"La," nikasema. "Ukilivaa sitaweza kuondoka."

Nilipita kando ya foleni, watu wakanipisha. Janepher alinishika bega, sikusimama. Mlangoni nikageuka, maana mimi si jiwe. Akol hakuwa ameinuka. Adhieu alikuwa amemaliza kijiko kimoja na amefungua mdomo tena, na Akol alikuwa akimlisha, macho yake kwangu, mkono wake ukikosea mdomo wa mtoto na kumpaka mchuzi shavuni.

Nje jua lilinipiga usoni, nikapata kisingizio cha kulia. Nilitembea Amarat nzima nimeukumbatia ule mfuko kifuani, waendesha boda wakiniita, "Nyabo, tunaenda? Nyabo, wapi?" Sikujua wapi. Nilichowaza ni kitu kimoja tu cha kipuuzi, cha kifundi. Koti lile nililikata kwa kipimo cha mtu mmoja. Mikono yake ni mirefu mno, na Eldoret nzima hakuna mwanamume litakayemfaa.